Kuigawanya Okidi ya Bi Kaltuma

Shela, Malindi
14 Januari 1985

Mjomba wangu Mbaruk,

Assalaam alaikum, na shikamoo nyingi kutoka nyumbani. Najua mwandiko huu huujui. Ni mimi Kuluthumu, mtoto wa dada yako Harusi. Uliponiona mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na miwili na meno ya mbele yamepishana. Meno bado yamepishana, lakini sasa nasomesha darasa la tatu, nimeolewa na Mahadhi, mpishi wa hoteli huko Watamu, na tuna binti mmoja anayekataa kula samaki, jambo ambalo mama yangu analiona ni msiba wa ukoo mzima. Anwani yako nimepewa na Faki, yule mwenye biashara ya nazi kavu anayekuja huko Tanga tangu mpaka wa nchi zetu ulipofunguliwa.

Mama hajambo. Miguu inamuuma jioni, sauti iko pale pale.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Ile okidi ya marehemu bibi Kaltuma, iliyo uani karibu na birika la maji ya mvua, imekishinda chungu chake. Mwezi wa Novemba chungu kilipasuka kuanzia mdomo hadi kitako, na mizizi ikamwagika nje kama nywele. Nimeihesabu miwa yake, yale mashina yake yaliyovimba kama miwa: hamsini na mitatu. Iliyo na majani ni kumi na tisa tu, na yote iko pembeni. Katikati ni miwa mikavu, na nikipenyeza kidole hapo nasikia unyevu na harufu ya kuoza. Huu ni mwaka wa nne haijatoa ua.

Mwalimu mwenzangu Easter, mwenyeji wa Kaloleni, alikuja juzi akaitazama sana, kisha akasema, "Mwalimu, haya si maua, hiki ni kichaka. Siku moja mtakuta nyoka amepanga chumba humu."

Nilimwambia mama tuigawanye kabla haijafa. Akasema, "Iache. Ina mwenyewe." Nikamuuliza, mwenyewe nani? Akaingia jikoni akaanza kusugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

Mjomba, nasikia wewe ndiye uliyefundishwa na bibi jinsi ya kuitunza. Nifundishe. Masika ya mwaka huu yakiikuta hivi ilivyo, itaoza yote. Mama hajui kwamba nakuandikia.

Mimi mpwa wako,
Kuluthumu


Tanga
3 Februari 1985

Mwanangu Kuluthumu,

Alaikumu salaam warahmatullah. Barua yako ilitembea siku kumi na tisa. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Kibibi anakusalimu ingawa hamjaonana; amenituma nikuambie kwamba mtoto asiyekula samaki apikiwe samaki asiyejulikana kuwa ni samaki. Mimi nilistaafu kazi ya kuchanganya dawa hospitalini mwaka 1980, na sasa kazi yangu ni kulihudumia goti langu la kushoto.

Umehesabu miwa, ukatenganisha yenye majani na isiyo nayo, ukatia kidole katikati ukanusa. Nimefanya kazi miaka ishirini na vijana waliotoka vyuoni ambao hawakuwa na tabia hiyo. Basi nitakuandikia kama nilivyokuwa nikimwandikia mtu ninayemwamini na chupa ya dawa.

Kwanza ujue unachokishika. Babu yako aliikuta mwaka 1931 kwenye mkoma, mti wa jamii ya mnazi, ulioangushwa na upepo ng'ambo ya mto Sabaki, akaileta begani imefungwa kwa kilemba chake. Ni mmea unaoishi juu ya mti bila kuunyonya. Mizizi yake mingine husimama wima kama sindano ili idake majani makavu yanayoanguka. Hicho ndicho chakula chake. Kwa hivyo usiupe udongo kamwe. Udongo ni kaburi lake. Maua yake ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, kama ngozi ya chui, bibi yako aliyahesabu mwaka 1958 yakawa mia mbili na arobaini kwenye mmea mmoja, na mimi nilikuwapo.

Tazama chini ya miwa michanga. Ukiona mizizi mipya, myeupe yenye ncha za kijani, na urefu wake haujazidi ukucha, wakati umefika. Usiulazimishe kutoka chunguni. Vunja chungu kilichobaki, vigae vyake utavitumia. Uinamishe mmea, utoe takataka kwa vidole, si kwa kisu, mpaka ulione shina la chini linalotambaa na kuunganisha miwa yote. Hapo ndipo pa kukata. Kisu kiwe chembamba, kikali, kimepitishwa kwenye moto. Kila kipande kiwe na miwa mitano hai au zaidi. Iliyooza tupa bila huruma. Palipokatwa pake unga wa mkaa mara moja.

Chungu kipya kitobolewe matundu chini na ubavuni. Chini weka vigae, juu yake mkaa wa vipande vya ukubwa wa kungumanga, uuchanganye na makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi. Makumbi uyaloweke wiki mbili, ukibadilisha maji kila siku, mpaka yaache kutoa rangi. Ufunge miwa kwenye kijiti isitikisike. Usitie maji siku saba. Mahali pake ni pale pale ubavuni mwa birika, ambapo jua huondoka saa nne asubuhi.

Mama yako akisema ina mwenyewe, amesema kweli, nami sina la kuongeza. Ningependa akubali kwanza. Lakini mmea ukianza kuoza katikati haungojei watu wakubaliane, kwa hivyo sikukatazi. Salamu zangu kwake nakuachia wewe uamue kama utazifikisha.

Mjomba wako,
Mbaruk


Shela, Malindi
11 Machi 1985

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima, isipokuwa Mahadhi aliyejiunguza mkono kwa mafuta ya hotelini. Anaendelea vizuri na analalamika vizuri zaidi. Mwambie bibi mkubwa Kibibi kwamba samaki aliyegeuzwa katlesi ameliwa wote. Nimepata heshima mpya.

Nimeigawanya, mjomba! Mama alikwenda Mambrui kwenye harusi, siku tatu. Jumamosi tarehe 2, saa moja asubuhi, nilitandika jamvi uani nikaanza, Easter akinishikia. Ilituchukua mpaka adhuhuri. Uliniambia nisitumie kisu kutoa takataka, na sasa najua kwa nini: ndani ya mizizi kulikuwa na maisha yote ya nyumba hii. Maganda ya karanga, manyoya ya kuku, kibanio cha nywele, na shanga tatu za buluu ambazo nadhani zilikuwa zangu. Easter alisema, "Huu mmea ni karani. Umeweka kila kitu."

Nililiona shina linalotambaa kama ulivyoeleza, gumu kama mpingo. Nikakipitisha kisu motoni, nikakata. Nimepata vipande vitatu: kikubwa kina miwa kumi, cha pili kina mitano, na cha tatu kina minne tu, najua ulisema mitano, lakini sikuweza kukitupa. Nilipaka mkaa nilioutwanga kinuni. Kisha nikakaa nikavitazama vyungu vitatu vimepangwa, na nakwambia kweli, sijawahi kujiona fundi wa kitu chochote kabla ya siku hiyo.

Kuhusu makumbi nimekupita wewe, mwalimu wangu! Kuloweka wiki mbili sikuwa na nafasi, nilikuwa na mitihani. Lakini shangazi yake Easter huko Takaungu husuka kamba, na wasuka kamba huyafukia makumbi miezi sita mpaka yalainike. Miezi sita, mjomba, si wiki mbili! Ameniletea gunia zima. Laini kama pamba.

Mama alirudi Jumatatu. Alisimama mbele ya vyungu, buibui hajavua. Akaenda kuswali alasiri. Aliporudi akainama, akagusa pale nilipopaka mkaa, akasema, "Nani kakufundisha kupaka hivi?"

Nikasema, "Kitabu."

"Kitabu."

"Ndiyo, mama."

"Kitabu gani kinachojua mambo ya mama yangu?"

Nikachukua ufagio nikaanza kufagia uani. Hakuuliza tena. Lakini tangu siku ile hanywi chai uani.

Mjomba, kulitokea nini? Nilikuwa mtoto, nakumbuka uliondoka alfajiri na hakuna aliyekusindikiza. Ukitaka usinijibu, lakini nimechoka kuishi na jambo ambalo kila mtu analijua ila mimi.

Kuluthumu


TELEGRAMU
Tanga, 28 Machi 1985
KWA KULUTHUMU, NYUMBANI KWA HARUSI, SHELA, MALINDI
MAKUMBI YA KAMBA YANA CHUMVI. TOA YOTE. OSHA MIZIZI MAJI YA MVUA SASA HIVI. MBARUK


Tanga
28 Machi 1985

Mwanangu,

Nimetoka posta sasa hivi kutuma telegramu, na naandika hii kwenye benchi la nje kwa kuwa sina subira ya kufika nyumbani. Wasuka kamba huyafukia makumbi kwenye matope ya pwani, pale maji yanapopwa na kujaa. Miezi sita ile ni ya kunywa chumvi. Weka kipande kimoja kwenye ulimi utaonja mwenyewe. Mizizi inayozaliwa juu ya mti, isiyojua ila umande na mvua, umeilaza kwenye kachumbari.

Kosa si lako. Nilikuandikia ubadilishe maji kila siku, sikukuandikia kwa nini. Mimi niliyekuwa nikibandika karatasi kwenye kila chupa! Binti wa pwani akiambiwa makumbi yaliyolowekwa, ataanza kufikiria wasuka kamba. Ningefikiria hivyo hivyo.

Toa kila unyuzi. Maji ya birika la mvua, si ya kisima. Loweka mizizi nusu saa, mwaga, loweka tena, mara nne. Iliyo myeusi kata. Kisha mkaa na vigae vitupu, bila kumbi, mpaka uone ncha mpya za kijani. Kile cha miwa minne nahofia kimekwisha.

Kazi yako ilikuwa safi. Nimeusoma ule ukurasa wa kukata mara nyingi. Ulivyovunja chungu, ulivyovumilia vidole mpaka adhuhuri, hata zile shanga. Mikono yako ina akili.

Hilo la mwisho uliloniuliza, naomba uniache kidogo.

Mbaruk


Shela, Malindi
6 Aprili 1985

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani leo zitachelewa kwa sababu nina mengi.

Telegramu yako ilifika Ijumaa asubuhi, mimi niko shuleni. Mwenye kuileta alimpa mama mkononi. Wajua mama husoma herufi za Kiarabu tu. Na wajua telegramu katika mtaa huu huleta habari gani. Alimuuliza yule mtu, "Imetoka wapi?" Akaambiwa Tanga. Hakumwomba amsomee. Aliketi barazani, karatasi mapajani, akamtuma mtoto wa jirani aniite.

Nilikimbia njia nzima. Nilipofika majirani wanne wamekwisha jaa, wawili wameshaanza kumsifu marehemu. Bi Khamisa wa nyumba ya pili alikuwa akisema, "Mbaruk alikuwa mtu wa mikono safi, Mungu amrehemu." Mama ametulia kama ukuta. Akanikabidhi karatasi.

"Soma."

Nikasoma kimya kwanza. Kisha nikasoma kwa sauti.

Bi Khamisa akauliza, "Mizizi ya nani?"

Mama akaichukua karatasi akaigeuza upande wa pili, kana kwamba kifo chenyewe kimeandikwa huko. "Basi? Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama. Ni mzima."

Mjomba, mama alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakimtoka, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. "Wallahi mwanaume huyu! Miaka kumi na sita hajaleta salamu, leo aniletea telegramu ya mizizi! Na kuilipia kwa neno!" Kisha akanitazama. "Hiki ndicho kile kitabu chako?"

Nikasema ndiyo.

"Kimesema sasa hivi?"

"Kimesema sasa hivi."

Akasimama, akafunga leso kiunoni. "Nendeni makwenu, hapajafa mtu," akawaambia majirani, na akaenda uani.

Sasa sikiliza, maana nataka ujue nilichokiona. Nilidhani mimi ni fundi. Mama hakugusa miwa hata mara moja. Aliushika mmea kwa chini, kiganja wazi, kama anavyoshikwa mtoto mchanga anayeoshwa. Alitoa makumbi yale kwa ncha za vidole bila kukata mzizi, na kila mara akionja maji ya kuoshea na kutema. "Bado." Anamwaga. "Bado." Mara nne, kama ulivyosema, ingawa barua yako ilikuwa haijafika. Mara ya tano akaonja akanyamaza. Mvua ilianza na hatukuingia ndani. Alinionyesha mzizi ulio hai unavyokataa kubonyea, na uliokufa unavyobakia ganda lililo wazi, na waya ndani yake. Nilimuuliza nani aliyemfundisha. Akasema, "Nilimwangalia mama. Mbaruk alifundishwa, mimi niliangalia."

Nikamuuliza, basi kwa nini hukuigawanya wewe miaka yote hii?

Akasema, "Mama aliacha neno igawanywe kwa Mbaruk na mimi. Sasa nikate mwenyewe, nimpimie yeye fungu lake? Ili aseme nini? Nilingojea aje."

Nikamwambia, lakini watu husema ulimkatalia.

Hapo akainua uso. Mvua inampiga. "Sikumkatalia mmea. Nilimkatalia siku." Kisha akarudi kwenye mizizi, na sikuthubutu kumsukuma.

Kile cha miwa minne kimekufa. Kilikuwa kimeungua mpaka ndani. Kikubwa na cha wastani vimenyauka ncha za majani, lakini mama asema vitaishi. Yeye ndiye anayevitia maji sasa. Na amerudi kunywa chai uani.

Kuluthumu


Tanga
12 Mei 1985

Mwanangu Kuluthumu,

Wa alaikumu salaam. Ramadhani iko karibu, na Kibibi amekwisha jaza nyumba kwa tende na dengu. Tu wazima. Niwie radhi kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara tatu.

Mama yako amekuambia alinikatalia siku. Ni kweli, na kwa kuwa ameliweka kwa upole kuliko ninavyostahili, nitalimaliza mimi.

Mama yetu alifariki Mei 1969. Harusi alikuwa amemuuguza miaka mitatu. Mimi nilipata habari kwa telegramu, nikafika siku moja baada ya maziko. Hospitali ilinipa ruhusa ya siku nne, na mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu. Siku ya pili ya matanga, alasiri, wanawake wamekaa mikekani uani wanasoma Kurani, niliingia kati yao na kisu nikaenda mpaka kwenye chungu. Nilikuwa na basi la alfajiri. Nilijiambia kwamba ni wakati mzuri, mizizi ilikuwa na ncha za kijani. Nilikuwa sahihi kuhusu mizizi.

Harusi akasimama akasema, "Kaka, si leo. Watu wako mikekani." Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba mali ya mama si yake peke yake. Nilimwambia hivyo mtu aliyekuwa amembeba mama kwa mikono hiyo hiyo miaka mitatu. Akatazama chini. Alfajiri niliondoka, kabla ya hitma ya siku ya tatu, ile ya kumkhitimishia marehemu Kurani. Nikafika kazini kwa wakati.

Ulipofungwa mpaka mwaka 1977 nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikapata sababu ya serikali. Sasa umefunguliwa, imebaki ya goti.

Nimekaa na ukurasa wako wa Harusi akionja maji. Kuonja! Mimi miaka thelathini niliwafundisha watu kupima chumvi kwa vyombo. Yeye alimtazama mama tu, akiwa amekaa nyuma ya mlango na kazi nyingine mkononi, na hakuna aliyemwambia, Harusi, njoo nawe ushike. Mimi nilipewa kisu na sifa. Nadhani ndiye aliyekuwa mkulima wa nyumba ile tangu mwanzo. Mwambie hivyo, au msomee. Sitaki tena kukuachia uamue.

Kipande kikubwa ni chake, wala hapana mjadala. Kile cha miwa mitano, akiridhia, akikabidhi kwa Faki, mwezi wa nane akija huku na nazi zake. Kifungwe kwenye gunia lenye unyevu, kisimame wima, kitafika. Mimi goti halinipi njia.

Mjomba wako,
Mbaruk


Shela, Malindi
29 Julai 1985

Kaka Mbaruk,

Salaam alaikum. Anaandika Harusi kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu. Namshukuru Mungu kwa afya, na kwako nakuombea. Wasalimu nyumba nzima, na huyo Kibibi mwambie ile njia yake ya samaki imeniharibia mjukuu, sasa hataki samaki asiyekatwa katlesi.

Kuluthumu amenisomea. Nilimwambia asome tena ule mlango wa kunisifu, akasoma, kisha nikamwambia basi. Nimekwishasikia. Hili la mikekani limekwisha baina yetu, sitaki kulisikia kwenye barua nyingine, karatasi ni ghali.

Huyu mtoto umemfundisha vizuri. Anakwenda sasa kwa watu wa mtaa kuwatengezea mimea yao, na Easter wake nyuma. Asema mkaa, asema vigae, asema siku saba. Nikimsikiliza kutoka chumbani nadhani ni wewe ulipokuwa kijana, kwa ile kujua kwako. Ila yeye huuliza kwanza.

Kipande chako kimetoa mizizi minne mipya na mua mmoja. Kizuri kuliko changu. Nimevibadilisha mahali mara mbili kwa wivu, na bado chako ndicho kizuri.

Faki alipita juzi kukichukua. Nimemrudisha. Mmea wa mama hausafiri na nazi kavu za watu. Na goti nalijua, Faki asema kila Ijumaa unalipeleka msikitini na kulirudisha. Basi lina viti, kaka. Hakuna aliyekwambia uje kwa miguu.

Dada yako,
Harusi


Tanga
12 Agosti 1985

Harusi ndugu yangu,

Alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata Jumamosi. Nilikuwa sijaona mwandiko wako tangu tulipokuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani tukiandikia ubao mmoja. Herufi zako bado zinaegemea upande wa kushoto, na mimi bado nazisoma bila miwani.

Nimekata tikiti ya Alhamisi tarehe 29, ili barua hii initangulie. Nalala Mombasa kwa jamaa, na Ijumaa nitakuwa Malindi baada ya swala. Sikuomba ruhusa kwa mtu wala sina siku ya kurudi. Kibibi amenifungia nguo za mwezi mzima, na alipozifunga hakuniuliza kitu.

Usipike, na usinionyeshe mimea siku ya kwanza. Mwambie Kuluthumu aviache vyungu vilipo. Nitavitazama, nitamsifu mbele ya watu kama anavyostahili, na wewe utanionyesha kuonja maji. Lakini hayo baadaye. Nakuomba utandike mikeka uani, uwaite wale walio hai katika waliokuwapo, Bi Khamisa na wenziwe, hata kama ni watatu. Kuna hitma ya mama niliyoondoka kabla haijasomwa. Nataka kuikalia mpaka mwisho.

Kaka yako,
Mbaruk